Nina kilo 96, naweza kuwa modo wa saizi kubwa? Na hiyo laki nne na nusu nilipe?

"Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Tabata, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli. Nina urefu wa sentimita 170 na kilo 96. Tangu zamani napenda mambo ya mitindo na watu wananiambia ningefaa kuwa modo wa saizi kubwa kama wale wa Marekani. Mwezi uliopita nilitumiwa meseji Insta na kaka mmoja wa ajensi, anasema vigezo ninavyo ila nilipie laki nne na nusu ya usajili, mafunzo na picha za potfolio, alafu kuna kazi Dubai. Akasema pia hipsi zangu hazijajaa, niongeze kidogo. Rafiki yangu kanipa vidonge vya kunenepesha, havina boksi, viko kwenye kipakiti tu, nina kama wiki tatu navimeza. Mama akisikia habari za umodo anakasirika, anasema mwili kama wangu unasitiriwa, hautangazwi. Je nina nafasi kweli au najidanganya? Na hiyo hela nilipe?"

Marahaba mdogo wangu. Umeniuliza kuhusu nafasi na kuhusu hela, ila mimi naanza na kitu ambacho hata hukukiulizia, hivyo vidonge.

Vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa mkononi bila boksi mara nyingi vinakuwa na dawa za hospitali ndani yake, na zinazotumika sana kwa kazi hiyo ni deksamethasoni na siproheptadini. Siproheptadini ni dawa ya aleji, inaongeza hamu ya kula na kuleta usingizi. Deksamethasoni ndio inanitia hofu zaidi. Hiyo ni steroidi, daktari anaitoa kwa sababu maalum na kwa kipimo, na ukiimeza tu kienyeji mwili unajaa maji, uso unavimba unakuwa wa duara, sukari na presha vinapanda, na ukiendelea muda mrefu mifupa inadhoofika. Watu wakiona mashavu yamejaa wanadhani wamependeza kumbe ni dawa hiyo inafanya kazi yake. Na kuna kitu wauzaji hawasemi kabisa, mwili wako wenyewe unatengeneza homoni inayofanana na hiyo dawa kwenye tezi zilizo juu ya figo, ukiupa ya kumeza kwa wiki kadhaa zile tezi zinapunguza kazi, sasa siku ukiacha ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka mpaka ukaanguka. Kwahiyo usijiamulie mwenyewe kuendelea wala kuacha. Kesho nenda hospitali na kile kipakiti mkononi, mwambie daktari ukweli wote, umemeza vingapi na kwa muda gani, akupime presha na sukari na yeye ndiye aamue unaachaje. Ukianza kutapika, kizunguzungu kikali au kuishiwa nguvu leo usiku, usisubiri kesho. Usione aibu, madaktari wa hapa mjini kesi za dawa za hipsi wanazijua sana.

Na kinachoniuma ni kwamba unahatarisha afya kwa kitu ambacho kwenye kazi yetu hii ya umodo kinamalizwa na sponji. Kweli kabisa. Kuna vipedi vinavaliwa ndani ya taiti, vya hipsi, vya makalio, hata vya kifua, na hata huko Marekani ni siri ya wazi kwamba mamodo wa saizi kubwa wengi wanakwenda navyo kazini kwenye begi, kwasababu mteja mmoja anataka saizi hii na mwingine ile. Mtu anayejua kazi hawezi kukwambia ukanenepe. Atakuvalisha pedi, akashindwa hapo atamchukua modo mwingine, basi.

Haya, tuje kwenye nafasi. Watu wengi wanadhani umodo wa saizi kubwa ni mashindano ya mwili, yaani mwenye umbo namba nane zuri zaidi ndiye anayepata kazi. Hapana. Modo anaajiriwa na nguo. Namaanisha hivi, mbunifu akitengeneza nguo za kuonyesha jukwaani anashona kipande kimoja kimoja tu kwa saizi moja ya sampuli, na kwa nyumba kubwa za mitindo Ulaya na Marekani hiyo sampuli ni ndogo sana, kwahiyo anatafuta wasichana watakaoingia kwenye zile nguo ambazo tayari zipo. Akitaka kukupandisha wewe inabidi ashone nyingine, na sio kuipanua tu ile ndogo. Muulize fundi yeyote mzuri atakwambia mwili ukiongezeka hauongezeki sawasawa kila sehemu, hipsi zinaweza kuongezeka inchi kumi lakini bega likaongezeka kidogo sana, shimo la mkono linabadilika, kifua kinavuta kitambaa gauni linapanda mbele linakuwa fupi kuliko nyuma. Paterni, ile ramani ya kukatia kitambaa, inatakiwa ichorwe upya. Hiyo ni gharama, na wengi hawataki kuilipa, ndio maana majukwaa yamejaa wembamba hata baada ya kelele zote hizi za miaka ya karibuni.

Nikupe namba uone. Vogue Business, chombo cha habari za biashara ya mitindo, huwa wanahesabu saizi kwenye maonyesho makubwa ya New York, London, Milan na Paris, na kwenye msimu wa baridi wa 2025 mavazi yaliyovaliwa na mamodo wa saizi kubwa, wanaoanzia saizi 14 ya Marekani, yalikuwa asilimia 0.3 tu. Hata asilimia moja haifiki! Na hii ni baada ya modo wa saizi kubwa Ashley Graham kutokea kwenye kava la jarida la Sports Illustrated toleo la nguo za kuogelea mwaka 2016, baada ya nyumba ya mitindo ya Versace kumpandisha jukwaani mwenzake Precious Lee mwaka 2020, baada ya mwingine, Paloma Elsesser, kupewa tuzo ya modo wa mwaka Uingereza mwaka 2023. Milango ilifunguka kidogo ikarudi, na sasa na hizi sindano za kupunguza mwili ndio wanazidi kurudi kwenye wembamba. Sikwambii haya ili ukate tamaa. Nakwambia kwasababu ukiingia ukidhani kazi ni jukwaa la Paris utakaa miaka unasubiri basi kwenye kituo ambacho basi halipiti.

Kazi ipo pale nguo za saizi yako zinapouzwa, na ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Lane Bryant, duka lililoanzishwa na mama mmoja mshonaji New York mwaka 1904 na baadaye likawa maarufu kwa nguo za wanawake wanene, halikungoja ruhusa ya wanamitindo wa Paris. Wanawake wanene wapo, wanavaa, wana hela, na mnunuzi anataka kuona hilo gauni likiwa limevaliwa na mtu mwenye tumbo na mikono kama yake. Hebu pita Kariakoo au ingia tu Insta uone maduka ya nguo za mabonge, madera, abaya, magauni ya vitenge ya sendofu, suruali za ofisini, sidiria, wote hao wanahitaji picha kila mzigo ukiingia. Wengi wanaweka nguo kwenye sanamu jembamba wameibana na vibanio nyuma alafu wanaandika "mpaka 4XL ipo". Pale ndio pa kwenda kubisha hodi.

Alafu kuna matangazo ya kawaida, na hapa ndipo nimeona mabinti wengi wa mwili wako wakipata hela bila hata kuitwa mamodo. Benki, kampuni za simu, mafuta ya kupikia, sabuni, bima, wanatafuta mama mwenye duka, nesi, mhudumu wa benki, bibi harusi, dada anayecheka vizuri na anayeonekana ni mtu wa hapa hapa. Huko hakuna anayekuuliza hipsi. Wanauliza kama unafika saa kumi na mbili asubuhi na kama unaweza kurudia kucheka vile vile mara ya arobaini.

Na kuna kazi moja ambayo watu hawaijui kabisa, ya kujaribishia nguo kiwandani au kwa mbunifu. Hupigwi picha, hakuna anayekuona, unasimama tu fundi anakuvalisha sampuli, anapima, anabana pini, unamwambia hapa panabana, hapa nikikaa panapanda, hapa siwezi kuinua mkono. Huko nje kazi hii inalipa kwa saa na wapo wanaoishi kwa hiyo peke yake. Hapa kwetu ndio kwanza inaanza, lakini mbunifu anayeshona saizi kubwa bila mwili wa kujaribishia anarudishiwa nguo kila siku, ukimfuata na kumweleza atakusikiliza. Siri ya kazi hiyo ni moja, vipimo vyako visibadilike. Inchi moja tu ikiongezeka au ikipungua unaharibu mzigo mzima. Unaona sasa vile vidonge vinavyokukosesha?

Kuhusu kilo, 96 kwetu haina maana sana, hatupimi kwa mizani. Nenda kwa fundi akupime kifua pale kilipojaa zaidi, kiuno pale pembamba zaidi, na hipsi pale pana zaidi, ambapo mara nyingi ni chini kuliko watu wanavyodhani, karibu na makalio yenyewe. Umesimama wima, umevaa nguo nyepesi, tepu isibane wala isilegee, na usibanie tumbo. Andika kwa inchi. Ujue na saizi yako kwa mifumo miwili maana inachanganya, 14 ya Marekani ni sawa na 18 ya Uingereza, mtu akitaja namba bila kusema ya wapi muulize. Urefu wako wa sentimita 170 ni mzuri kwa matangazo na katalogi. Ajensi kubwa za New York na London kwa kawaida wanataka kuanzia kama 173, kwahiyo huko ungekuwa mpakani, japo wapo waliovunja hiyo kanuni, modo wa Marekani Tess Holliday alisajiliwa na ajensi ya London mwaka 2015 akiwa ni mfupi kuliko wewe na mnene kuliko wewe. Lakini alikuwa ameshajijengea watu wengi sana mtandaoni kabla, huo ndio mlango aliopitia.

Sasa ile laki nne na nusu. Usilipe mdogo wangu.

Ngoja nikueleze ajensi inavyokula ili siku nyingine uweze kumjua mtu mwenyewe. Ajensi inakutafutia kazi, mteja analipa, ajensi inakata komisheni yake, kwenye masoko makubwa ni karibu asilimia 20 ya malipo ya modo na mara nyingi wanamtoza na mteja juu yake, alafu wewe unapata inayobaki. Kwahiyo wao bila wewe kufanya kazi hawali, ndio maana wanahangaika. Mtu aliyekula laki nne na nusu yako kabla hujafanya kazi yoyote ameshamaliza biashara yake na wewe, ana sababu gani ya kukutafutia kazi? Akipata mabinti kumi kama wewe kwa mwezi hahitaji mteja hata mmoja. Kumlipa mpiga picha kwa ajili ya picha zako ni jambo la kawaida, unamchagua mwenyewe, mnakubaliana bei, unapewa picha zako zote mmemalizana. Ila "usajili" na "mafunzo" na "potfolio" vikiwa kwenye bili moja, kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kukutana naye, na Dubai imening'inizwa mwishoni kama chambo, huo ni utapeli wa zamani sana.

Na hiyo Dubai naomba uniahidi. Kazi halali ya nje ina jina la mteja, tarehe, mkataba unaousoma kabla ya kupanda ndege, viza inayolingana na kazi yenyewe, na tiketi ya kurudi. Akikwambia utapewa mkataba ukifika, au utaenda kwa viza ya utalii tutaibadilisha huko huko, au pasipoti ataitunza yeye, achana nae hapo hapo. Akikuomba picha za ndani ya chupi "ili kuona umbo" usitume, umbo linaonekana kwenye taiti na singlendi. Mabinti wenye miili yetu wanawindwa sana na watu wa aina hii maana wanajua tumeambiwa miaka yote hatufai, kwahiyo mtu akija na sifa tunashuka chini haraka.

Hapo hapo niseme na hili la nini hasa kinauzwa. Mwaka 2019 Uganda waziri mmoja wa utalii alizindua shindano la Miss Curvy na akasema wanawake wenye maumbo ni kivutio cha watalii, watu walikasirika sana, na mimi naona walikuwa na haki. Wanene kuwa jukwaani ni sawa kabisa, tatizo ni kwamba waliwekwa kwenye kundi moja na vivutio vya kwenda kutazamwa. Kila mchongo ukija jiulize, hapa wananitaka nivalie kitu ili kiuzwe, au kinachouzwa ni mimi? Video za muziki nyingi, matamasha mengi ya "wowowo", yako upande wa pili. Hela inaweza kuwa ipo, sikukatazi kwa nguvu, lakini ukishajulikana kwa picha hizo, benki na sabuni wanapita pembeni, na mama mwenye duka la abaya hatokuita.

Ukitaka kuanza huhitaji laki nne. Unahitaji simu, ukuta usio na mapambo na mwanga wa dirishani. Vaa singlendi inayoshika mwili na jinsi au taiti nyeusi, nywele zimebanwa nyuma, bila mekapu au kidogo sana, bila filta, bila wigi la sherehe. Mtu akupige wa mbele, ubavu wote wawili, nyuma, uso wa karibu ukiwa kawaida na ukiwa unacheka, simu akiishika usawa wa kifua chako maana akikupiga kutoka juu anakufanya mfupi. Alafu kavideo kafupi unatembea, unageuka, unasema jina na umri. Watu wanaona haya kutuma picha hizi za kawaida wanatuma zile za birthday zilizonyooshwa kiuno na programu, na mimi nikiona kiuno kimenyooshwa naifunga, maana siku ya kazi atakuja mtu mwingine na nguo haitamwingia. Andika vipimo, urefu, namba ya kiatu, wapelekee wenye maduka ya saizi kubwa na mafundi wawili watatu ambao kazi zao unazipenda kweli. Wa mwanzo mnaweza kubadilishana, unamvalia nguo zake kwa saa chache, anakupa picha na gauni moja, lakini iwe mara moja na kwa makubaliano, isije ikawa mazoea ya kila mzigo ukiingia unapewa soda.

Nunua na vyako. Sidiria ya rangi ya ngozi yako inayokutosha kweli, chupi isiyo na mistari ya rangi hiyo hiyo, taiti ya kubana, kandambili, na viatu viwili virefu vya saizi yako, kimoja cheusi na kimoja cha rangi ya ngozi. Studio nyingi hawana kiatu cha 42 wala sidiria ya 42, modo mwembamba ataazimishwa, wewe utaishia kupigwa picha za juu tu. Usishangae pia ukikuta gauni ni dogo wamelipasua nyuma wakabana na klipu, inatokea, wewe cheza na mbele.

Malipo mkubaliane mawili tofauti, hela ya siku na hela ya matumizi ya picha. Picha zitakaa wapi, kwa muda gani, nchi gani. Picha ya kwenye ukurasa wa duka sio sawa na bango la barabarani Mwenge likae mwaka mzima. Hata kama hamna mkataba mrefu, andikeni WhatsApp kila kitu kabla ya siku yenyewe. Ukiletewa mkataba wa ajensi wa miaka kadhaa unaokukataza kufanya kazi na mtu mwingine, usisaini pale pale, mpelekee mwanasheria aupitie, hata kama utalipa kidogo. Ajensi ikijitambulisha kwako nenda ofisini kwao mchana na mtu mwingine, ongea na mamodo wao, na unaweza kuulizia Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, kama wanawatambua. Huyu wa Insta, hifadhi meseji zake. Kama ulishamtumia chochote hata cha kianzio, nenda nazo polisi.

Kazi ya mapokezi usiache. Mwanzoni kazi hizi zinakuja mbili ukakaa miezi kimya, na mwenye shida ya kodi ndiye anayesema ndio kwa mtu mbaya. Omba zamu za kupangika, na ujifunze kukataliwa maana kutakuwepo sana, na mara nyingi sababu ni kwamba walikuwa na gauni saizi 20 na wewe ni 18.

Mama sasa. Usibishane nae kwa maneno. Kichwani kwake akisikia umodo anaona vichupi na kutukanwa, na kusema kweli maneno ya watu mtandaoni kwa mabinti wanene ni makali, hilo la kutukanwa hajakosea, utaitwa bonge nyanya na mengine siwezi kuandika, ikianza kukunyima usingizi au chakula tafuta mshauri wa kuongea nae ana kwa ana, usijikaze. Lakini hajui kwamba kuna kazi ya kuvaa dera zuri, abaya, sare ya nesi. Mchukue siku ya kwanza ya picha aje akae pale dukani aone. Wamama wengi niliowaona wakija kwa hasira waliishia kushika pini. Na ile ya hospitali kesho, kama unaogopa kwenda peke yako, mwambie yeye akusindikize, hata kabla hujamweleza habari za umodo.